Hadithi Hii Yamhusu Nani?

Somo: 2 Samweli, mlango wa 12, aya ya 1 hadi ya 13

Twawasalimu ninyi mlio Kwale mlimani, ninyi wa Ukunda na Diani, wavuvi wa Gazi na Msambweni, hata ninyi wa Lungalunga mpakani. Na ninyi majirani zetu Waislamu, ambao twajua kwamba baadhi yenu hutusikiliza, asalaam aleikum. Tutakayosema leo yatuhusu sote.

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya hadithi. Labda mtu atasema, "Mchungaji, hadithi ni mambo ya watoto. Tupe Neno." Ndugu, tuvumilie kidogo. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Na katika somo letu la leo, nabii mmoja alitumwa na Mungu kwa mfalme aliyekuwa amemwaga damu, naye akaenda bila upanga na bila askari, akiwa na hadithi tu kinywani.

Sisi tulilelewa na nyanya yetu, mamake mama. Jioni baada ya chakula, moto wa vifuu vya nazi ukingali unawaka, alikuwa akisema, "Paukwa!" nasi twaitikia, "Pakawa!" Mtoto akisinzia na kuitikia kwa unyonge, nyanya alinyamaza. Hakuendelea mpaka tuitikie sote kwa sauti. Wakati ule tulidhani ni mchezo. Sasa tumepita miaka arobaini, nasi twaelewa kwamba alikuwa akitaka idhini yetu. Aliyeitikia amekubali kuingia katika hadithi, na aliyekwisha kuingia hawezi tena kusema kwamba haimhusu.

Na mwisho wa hadithi, wasimuliaji wa pwani wana desturi nyingine. Husema kwamba ikiwa hadithi ni njema, wema wake ni wa wote. Ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wa yeye aliyeisimulia. Tafadhali shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Hadithi zatembea kuliko watu. Wengi wetu twaijua ile ya kima na papa. Kima alikuwa akimtupia papa matunda kutoka juu ya mti. Siku moja papa akamchukua mgongoni ampeleke kwao, na walipofika katikati ya bahari akamwambia kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, basi warudi wakauchukue. Twaisimulia kana kwamba ilitokea hapa hapa Diani, penye kima wengi na bahari karibu. Lakini hadithi hiyo imo katika kitabu cha zamani sana cha Wahindi kiitwacho Panchatantra, na huko aliyetaka moyo ni mamba. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, katika kitabu cha Kalila wa Dimna, na humo ni kobe. Ilipofika kwetu ikamkuta papa.

Kadhalika Waafrika waliotekwa na kupelekwa Marekani utumwani walinyang'anywa nchi, jina na jamaa, lakini hadithi zao za sungura mjanja walikwenda nazo. Mwaka 1880 mwandishi Joel Chandler Harris alizitoa katika kitabu, na dunia nzima ikamcheka sungura yule, bila wengi kujua wenyewe ni nani.

Kanisa letu la Kianglikana lina deni kwa hadithi hizi. Mwaka 1864 kasisi Edward Steere alifika Unguja. Kabla hajawa askofu mwaka 1874, alikaa na wenyeji, akawasikiliza, akaandika hadithi zao kwa Kiswahili chao, na mwaka 1870 kitabu chake kikachapwa London. Huyu mtu aliyekuja kufundisha alianza kwa kuketi na kuitikia pakawa. Na katika kitabu hicho mna kisa kimoja ambacho tungependa mkisikie leo. Ni kisa cha Sultani Darai. Tutakisimulia kwa ufupi, kwa maneno yetu wenyewe.

Paukwa!

Palikuwa na maskini mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupekua jaani, akitafuta punje za mtama atafune. Siku moja akaokota thumuni. Akapita mtu anayeuza paa, maskini yule akanunua paa mmoja. Watu wakamcheka: huna chakula chako, utamlisha nini mnyama? Lakini paa yule alikuwa akisema kama mtu. Akaenda malishoni, akapata almasi kubwa. Akaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali, akasema kwamba imetoka kwa bwana wake, Sultani Darai, ambaye anataka kumwoa binti yake. Sultani akakubali. Paa akarudi, akamwogesha bwana wake mtoni, akampatia mavazi, akamwoza mke. Kisha akaenda mbele, akaua joka kubwa lenye vichwa saba, akaitwaa nyumba yake pamoja na mali yote iliyokuwamo, akamkabidhi bwana wake. Yule wa jaani akawa mtu mkubwa.

Hata siku moja paa akaugua. Akamtuma bibi mzee aliyekuwa mle nyumbani akamwambie bwana. Bwana akasema, "Mpikie uji wa mtama." Nyumba imejaa mchele na asali, na paa anapikiwa uji wa mtama! Bibi mzee akalia, na mke akalia. Bwana hakwenda hata kumtazama. Paa akafa, si kwa ugonjwa tu bali kwa uchungu, naye bwana akaamuru atupwe kisimani. Mke akampelekea baba yake habari kwa siri. Sultani akaja na watu wake, akamtoa paa kisimani, wakamzika kwa heshima, wakafanya matanga. Na usiku ule yule bwana akaota ndoto kwamba yuko jaani, anapekua. Alipoamka, akajikuta jaani kweli, mikono imejaa vumbi, anatafuta punje za mtama.

Wasikilizaji wapendwa, Wafaransa nao wana hadithi inayofanana sana na hii. Aliiandika Charles Perrault mwaka 1697, na mnyama wake ni paka aliyevaa viatu. Paka yule humfanyia maskini mambo kama hayo: humwita bwana mkubwa, humpatia mavazi ya mfalme, humshinda jitu, humpatia jumba na binti wa mfalme. Lakini hadithi ya Mfaransa yaishia arusini, na paka anakuwa mheshimiwa, basi. Ya kwetu haikomei arusini. Wazee wetu walitaka kujua jambo moja zaidi: je, aliyeinuliwa atamfanyia nini yule aliyemwinua, siku atakapokuwa mzee na mgonjwa, hana tena cha kutoa? Mtu hapimwi anapokuwa jaani. Jaani sote ni wanyenyekevu. Hupimwa akiisha kupata nyumba.

Sasa turudi kwenye somo. Daudi alikuwa mchunga kondoo, Mungu akamfanya mfalme. Naye alipokwisha kupata kila kitu, akamtwaa mke wa Uria, na Uria akamfanyia hila auawe vitani. Nathani akaja, akamsimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya mifugo, aliyemnyang'anya jirani yake maskini mwana-kondoo wake mmoja tu. Daudi akasikiliza, akawaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo ni wa kufa. Ndipo Nathani akamjulisha kwamba mtu huyo si mwingine, ni yeye mfalme. Daudi alikuwa amekwisha kuitikia pakawa. Alikuwa ndani ya hadithi, na mlango umefungwa nyuma yake.

Hiyo ndiyo kazi ya hadithi njema. Humnyooshea kidole yule anayesikiliza. Lakini kuna hadithi za namna nyingine, na hizi hazisemi paukwa. Huanza na neno moja: "Wanasema." Wanasema fulani ana mkono mbaya. Wanasema mzee yule hulala mchana na kuamka usiku. Hizi hazina mwenyewe wa kubeba ubaya wake, na kidole chake hakimwelekei msikilizaji hata mara moja. Daima ni kwa jirani, na mara nyingi kwa mtu mwenye mvi.

Tutawaeleza jambo moja lililotupata sisi wenyewe, wala hatulielezi kwa fahari.

Miaka michache iliyopita tulikwenda matangani katika kijiji kimoja cha ndani, upande wa Msambweni. Mtoto alikuwa amekufa kwa homa. Tuliketi jamvini pamoja na wanaume, tukapewa kahawa. Maneno yakaanza kwa sauti ya chini. Wanasema. Aliyekusudiwa alikuwa mzee mmoja wa ukoo ule ule, Mwislamu, mtu mpole. Macho yake ni mekundu, na kila mtu pale alijua sababu yake, ni moshi wa miaka mingi wa kukaushia mbata. Lakini siku ile macho mekundu yakawa ushahidi. Kijana aliyesema zaidi alikuwa mpwa wake. Ninyi Wadigo mwajua, kwa desturi ya zamani, mjomba ni nani kwa mpwa wake. Mzee yule alikuwa ameuza nazi na korosho mwaka baada ya mwaka ili kijana asome. Na minazi yenyewe ilikuwa katika shamba zuri, karibu na barabara.

Nasi tulikuwapo, tumevaa kola ya ukasisi shingoni. Tulisikia yote. Tulijiambia kwamba sisi ni wageni, kwamba wafiwa wana uchungu, kwamba si wakati wake. Tukamaliza kahawa, tukaaga, tukaenda zetu.

Kabla ya juma kwisha, maneno yale yalikuwa yamekwisha kuingia katika simu za vijana, yakapita kutoka kundi hadi kundi, na kila aliyeyapokea aliongeza kidogo. Usiku mmoja nyumba ya mzee ikachomwa moto. Mungu ni mwema, mzee alikuwa ameonywa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatembea gizani mpaka barabara kuu. Alikwenda kukaa kwa binti yake, chumba kimoja, huko Likoni. Wazee wengi hawakupata mlango wa nyuma. Twajua sote kwamba katika kaunti zetu za Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi lipo neno shamba.

Tulikwenda kumwona. Tulikuwa tumechukua sukari na unga, na maneno mengi ya faraja. Akatukaribisha vizuri. Tulipoanza kumpa pole, akatutazama, akasema polepole, "Mwanangu, siku ile ulikuwapo. Mimi nilikuwa nimesimama pale penye mwembe. Nilikuona umeshika kikombe."

Hakusema zaidi ya hayo. Wala hakukasirika. Lakini sisi tuliokuwa tumehubiri mara ngapi juu ya Nathani, siku ile tulijua kwamba Nathani ndiye huyu aliyeketi juu ya kitanda cha kamba, na Daudi ni sisi.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Mwaka 1692, huko Salem, Massachusetts, Marekani, wasichana wawili waliugua ugonjwa usioeleweka. Waliugua katika nyumba ya nani? Katika nyumba ya mchungaji! Maneno yakaanza, watu wakatajana, na kabla mwaka haujaisha watu 19 walikuwa wamenyongwa, na mzee mmoja aliyekataa kujibu mashtaka akafa kwa kulemewa mawe. Waliohukumu walikuwa wasomaji wa Biblia. Mmoja wa mahakimu wale, Samuel Sewall, baadaye aliona kosa lake. Mwezi wa Januari mwaka 1697, katika siku ya kufunga na kuomba, alisimama kanisani mjini Boston mbele ya watu wote, huku mchungaji akiisoma karatasi aliyoandika, akikiri na kuitwaa aibu juu yake mwenyewe. Hakusema, "Wanasema." Hakusema, "Tulidanganywa na watoto." Alisimama.

Habari ya Sewall ilitusumbua usingizi. Basi tulimwendea imamu wa kijiji kile, mtu mwenye busara, tukamwendea na mzee wa kijiji, tukaomba nafasi katika mkutano. Tukasimama mbele ya watu tukasema kwamba siku ya matanga tulikuwapo, tulisikia, tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa mti mmoja katika moto ule. Imamu naye akasema maneno mazito kuliko yetu, juu ya haki ya jirani na dhambi ya kusingizia. Yule mpwa aliinuka akaondoka kabla hatujamaliza.

Mpaka leo mzee hajarudi. Tungependa kuwaambia kwamba amerudi, lakini redioni kama madhabahuni, hatuwezi kusema uongo. Lakini jambo moja lilitokea. Dada yake, mamake yule mpwa, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya kwa hofu, siku ya pili yake aliamka alfajiri akapanda matatu hadi Likoni. Alikuwa amechukua kikapu, na ndani ya kikapu madafu kutoka minazi ya ndugu yake mwenyewe. Binti yake mzee alitueleza kwamba babake alikunywa dafu moja, kisha akaomba kifuu, akakiweka dirishani.

Basi ndugu zetu, tufanye nini? Tuna mambo matatu.

La kwanza, ukiletewa maneno, uliza mwenyewe ni nani. Mtu akisema, "Wanasema," wewe muulize kwa upole, "Nani anasema? Yuko tayari kuyasema mbele ya mzee wa kijiji?" Msimuliaji wa kale alikubali kwamba ubaya wa hadithi ni wake. Maneno yasiyo na mwenyewe, usiyapokee, wala usiyapitishe kwa simu yako. Ukiyapitisha, umekuwa mwenyewe.

La pili, mtoto akiugua homa, tumpeleke hospitali mapema. Na akifa, Mungu atuepushie, tulie pamoja na wazazi wake. Tusianze kuhesabu ni nani mwenye mvi na ni nani mwenye macho mekundu. Kifo kinauma, na maumivu hutafuta mtu wa kubebeshwa. Lakini tulipofikiria sana twaona kwamba aliyebebeshwa mara nyingi ni yule yule aliyetubeba sisi.

La tatu, turudishe hadithi za wazee nyumbani. Simu zipo, televisheni zipo, wala hatuzilaani. Lakini mtoto aliyeketi miguuni pa nyanya yake akasikia kisa cha paa, siku atakapoambiwa kwamba nyanya ni mchawi, atakumbuka uji wa mtama. Atamkumbuka bwana yule aliyeamka jaani. Hadithi hulinda wazee wanaoisimulia. Kijiji ambamo wazee hawasimulii tena, vijana husimuliana juu ya wazee.

Na wewe kijana unayetusikiliza sasa, ambaye yuko mtu aliyeuza nazi, au mbuzi, au khanga zake ili wewe usome: yuko wapi leo? Anakula nini? Ukijua jibu, mshukuru Mungu. Ukiwa hujui, hadithi hii yakuhusu wewe. Lakini usikate tamaa. Daudi alipoambiwa, hakumfukuza Nathani, alikiri, na Mungu akamwondolea dhambi yake. Yule bwana wa kwenye kisa aliamka akakuta usiku umekwisha. Sisi na wewe bado hatujafika asubuhi ile. Bado upo mlango wa kwenda kumtazama mgonjwa.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuokota jaani ukatuvika mavazi, utusamehe tulipomsahau aliyetuinua. Utusamehe tulipokaa na kikombe mkononi huku jirani yetu akisengenywa. Uwalinde wazee wetu wa Kwale na Kilifi na wa kila mahali, usiku huu, katika nyumba zao. Umpe kila mmoja wetu sikio la kusikia hadithi inayomhusu, na moyo wa kuitikia. Twaomba hayo kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.